Upande wa Nyuma wa Milaya

Daktari mpya aliniomba karatasi za matibabu ya zamani, nami nikakasirika palepale kitini. Nikamwambia nimehama mara tano maishani, na katika kila kuhama tulibeba watoto kwanza, sufuria zikafuata, karatasi hazikuwa na mtu wa kuzibeba. Akasema pole. Nikamwambia pole ya nini, wewe andika dawa nirudi nyumbani. Ndivyo nilivyo, sina la kuficha. Shangazi yangu, aliyekaa kando yangu na mkoba wake magotini, akanikanyaga mguu.

Nieleze kwanza nilifikaje kwenye kile kiti. Kwa miaka tisa nilikuwa naujua ugonjwa wangu kwa jina. Niliambiwa nikiwa Kitale, Kenya, ambako shangazi huyu, dada ya baba yangu, alinilea miaka ya ukimbizi. Daktari wa kule alisema ni huzuni, lakini si ile ya kufiwa, ni ya ugonjwa, inaitwa unyogovu. Akanipa vidonge. Tuliporudi Juba nilikuja na vidonge na jina pia, na kusema kweli jina lilinifaa kuliko vidonge. Kabla yake nilikuwa mvivu, nilikuwa nimerogwa, nilikuwa na madharau. Baada yake nikawa mgonjwa, na mgonjwa hupikiwa uji. Siku ambazo sikuweza kuinuka kitandani shangazi alisimama mlangoni akawaambia wageni, "Ni ule unyogovu wake," nao wakanywa chai yao wakaenda. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Kisha daktari niliyekuwa nikimwona hapa Juba akahama mji, na vidonge vyangu vilikuwa vimebaki vya wiki moja. Ndipo nikaenda kwa huyu mpya. Alikuwa kijana, amesomea Kampala, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha Juba, lakini aliuliza maswali yake polepole kama vile hakuna foleni nje. Aliuliza ninalala kiasi gani, ninalia lini, ninakula nini. Hayo nilikuwa nimeyajibu miaka tisa, ningeyajibu hata nikiwa nimefumba macho. Halafu akauliza lile ambalo sikuwahi kuulizwa.

"Na kuna wakati unajisikia vizuri sana? Vizuri kupita kawaida yako?"

"Ninapopona," nikasema.

"Ukipona unakuwaje?"

"Ninashona."

"Anashona, daktari," shangazi akadakia. "Anashona usipime. Ungeziona milaya zake ungeisahau hiyo kalamu yako."

Kwa asiyejua, milaya ni shuka ya kitanda ambayo mwanamke ameitarizi kwa mkono, ndege na maua na matawi, kisha akaizungushia ukingo wa kufuma. Hapa kwetu mgeni wa heshima hakalishwi kwenye kiti kitupu. Anatandikiwa milaya. Msichana anapoolewa anaondoka na zake, na wanawake wa upande wa bwana harusi huja kuzitazama moja moja bila haraka yoyote. Mimi nilifundishwa kutarizi na kina mama wa kanisa kule Kitale, na nyumbani kwetu, mtaa wa New Site, mshonaji ni mimi peke yangu. Shangazi hajawahi kushika sindano ila kwa kutoa mwiba.

Daktari alikuwa ameacha kuandika. "Hizo milaya zipo?"

"Zote zipo," shangazi akasema. "Na najua kila moja ilishonwa lini."

"Basi karatasi mnazo. Nileteeni."

Wiki iliyofuata tulipakia sanduku la bati kwenye raksha, bajaji ya hapa kwetu, shangazi akakaa juu yake ili lisiruke, tukaenda. Nilikuwa na aibu na pia nilikuwa najivuna kidogo. Mtu aliyezoea kwenda hospitali na malalamiko, leo anaenda na kazi yake nzuri. Nilivaa hata hereni.

Shangazi alizitandika juu ya kitanda cha wagonjwa, moja juu ya nyingine, kuanzia ya zamani. Zilikuwa saba. Alizieleza kama anavyoeleza watoto wa ukoo. Hii ya kwanza ni ya Kitale, maua manne ya pembeni, imetulia. Hii ya pili ina mguu mmoja wa ndege na hakuna ndege. "Hapo alilala," akasema. "Alilala kuanzia mvua za kwanza mpaka mahindi yakavunwa." Ya tatu ilikuwa imejaa mpaka kwenye pindo, matawi juu ya matawi. "Hapo alipona. Tulifanya shukrani kanisani." Ya nne, jani moja na nusu. Alilala. Ya tano imejaa. Alipona, shukrani. Ya sita haikuwa hata na uzi, ilikuwa imechorwa kwa kalamu tu. Ya saba ndiyo ile ya ndege.

Ya ndege niieleze, kwa sababu mtaani kwetu ina sifa kuliko mimi mwenyewe. Ndege wamejaa shuka nzima, wakubwa kwa wadogo, wa kila rangi iliyopo sokoni, na kati ya ndege na ndege kuna ndege mwingine. Niliimaliza kwa siku kumi na moja. Watu walikuja kutoka mtaa wa Buluk, wakaja kutoka Lemon Gaba, kuitazama tu. Imeazimwa kwa posa na kwa ubatizo. Imewahi kukaliwa na askofu. Daktari naye alipoiona alishindwa kujizuia, akaishika kwa vidole viwili.

"Na hii nayo mlifanya shukrani?"

"Kubwa kuliko zote," shangazi akasema. "Aliimaliza kwa siku kumi na moja tu! Tulipika, tukaita kwaya."

"Siku zile kumi na moja alikuwa analala?"

Shangazi akacheka. Akasema huyu alale, na uzi upo? Alikuwa anashona, anaimba, anapika mandazi ya watu hamsini na sisi ni watano, anaenda sokoni mara tatu kwa siku, anaongea na kila mtu, hata mbuzi wa jirani. Aliwaahidi kina mama wa kanisa milaya moja moja, kila mmoja, na wako zaidi ya ishirini. Shangazi alikuwa anaeleza huku akicheka, na daktari hakucheka, na katikati ya sentensi kicheko cha shangazi kikamwishia. Akaangalia zile shuka saba kwa mpangilio aliozipanga mwenyewe. Akakaa.

Jambo moja hakulisema, nikalisema mimi. Siku ya ile shukrani kubwa, mbele ya wageni wote, shangazi aliniomba tu nikae chini nipumzike kidogo, nami nikamwambia kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba yeye si mama yangu na asinipangie. Yule mwanamke aliyenibeba mgongoni kuvuka mpaka. Tulikuwa hatujawahi kuliongelea. Mimi nilidhani ni ulimi wangu mbaya, naye alidhani nimepona na kiburi kimerudi.

Daktari alieleza taratibu. Alisema huzuni yangu ni ya kweli, wala daktari wa kwanza hakukosea kuiona. Lakini ni nusu ya ugonjwa. Nusu ya pili ni huku kupanda, kukosa usingizi, kuahidi, kukasirika, kushona mpaka vidole vinatoka damu. Jina lake ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Hakuna aliyeijua nusu ya pili kwa sababu hakuna mtu anayeenda hospitali siku anayojisikia mfalme. Akasema pia kwamba zile dawa za kuniinua nikiwa chini huenda ndizo zilizokuwa zinanisukuma juu kupita dari, kwa hiyo tutazipunguza na kuanza nyingine.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika kwenye ofisi ya mtu. Unyogovu nilikuwa nimeshaukubali. Ulikuwa umechukua miezi yangu mingi, sawa, niliuachia. Lakini miezi mizuri ilikuwa yangu, ndiyo iliyonifanya nivumilie ile mingine, na sasa kijana huyu anasema hata hiyo ni ugonjwa.

"Kwa hiyo na furaha umechukua," nikamwambia. "Haya, niambie. Yule aliyetarizi hawa ndege ni nani? Ni mimi au ni ugonjwa?"

Akafikiri. Akasema hilo hawezi kulijibu, yeye anajua vidonge tu. Nilitaka kumchukia lakini jibu lile lilinizuia. Angenidanganya ningejua.

Kwenye raksha ya kurudi shangazi alikalia sanduku lake mpaka tulipokata kona ya kwetu. Ndipo akasema, "Kwa hiyo mara tatu tumemshukuru Mungu kwa ugonjwa."

Tulipofika alikunywa chai, akawaza, akaniuliza kama itabidi aende kwa mchungaji akazirudishe zile shukrani. Alikuwa hatanii. Jioni ile alinijia jikoni akasema ameshaamua: atamwambia Mungu kwamba alikosea sababu, lakini shukrani abaki nazo. Hapo nilicheka, siku ile ile niliyodhani sitacheka tena. Kisha nikamwambia malesh, yaani samahani, kwa lile neno la mbele ya wageni. Akasema, "Kalas, yamekwisha, si nimeshasikia lilikotoka?" akaendelea kuchambua maharagwe.

Milaya ya ndege niliikunja nikaizika chini kabisa ya sanduku. Niliikunja upande wa nyuma ukiwa ndani, kama nilivyoikunja siku zote. Sikutaka kuiona. Mtu akija kuiazima nilisema imechafuka.

Dawa mpya zilifanya kazi yake. Nililala usiku kama watu, nikaamka asubuhi kama watu. Lakini mikono ilianza kutetemeka. Kidogo tu, kikombe hakimwagiki, ila tundu la sindano ni dogo kuliko kikombe. Nilikaa na uzi na sindano kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli, nikavitupa. Basi nikaacha kushona. Nilipika, nikafua, nikasikiliza redio, na watu wote wakasema nimetulia. Neno hilo lilinichoma. Hata sufuria iliyoondolewa jikoni inatulia.

Ndipo mdogo wangu akaposwa. Huyu ni kitinda mimba wa shangazi, nimemfundisha kusoma, nimemsuka nywele mpaka juzi. Bwana harusi ni mtu mzuri, hana makuu, na ndugu zake walisema watakuja baada ya miezi minne kuona vitu vya bibi harusi na kumaliza mazungumzo. Mdogo wangu hakuzunguka. Alikuja akaketi kwenye mkeka wangu akasema, "Dada, nataka milaya mpya kutoka kwako. Moja tu. Na ile ya ndege nataka niende nayo."

"Ile ya ndege ni ya ugonjwa," nikasema.

"Najua. Mama ameniambia."

"Basi kwa nini uitake?"

Akasema kwa sababu siku zile kumi na moja alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na mbili, alikuwa ananishikia nyuzi. "Ulikuwa unaimba. Ulinipa chai ya maziwa mara sita kwa siku. Kila ndege uliniuliza aitwe nani, nikawapa majina. Zilikuwa siku nzuri, dada. Na nilikuwa naogopa. Vyote viwili." Kisha akainuka akaenda kuanua nguo, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Nikaenda sokoni kwa yule Mganda anayeniuzia nyuzi. Tumejuana tangu nirudi Juba, ana kibanda kimejaa rangi mpaka juu. Aliponiona alivua miwani.

"Mama wa ndege. Umepotea. Mimi nikasema, huyu sasa bado iko chini."

"Chini wapi?"

"Wewe iko na msimu," akasema, bila ubaya wowote. "Mimi najua. Msimu moja unakuja na mbio, unachukua uzi yote, unanipigia hadithi mpaka sikio inauma. Halafu unapotea miezi mingi. Mimi na huyu jirani tunakuombea."

Nilisimama pale na aibu yangu. Miaka yote hospitali mbili hazikuona, na muuza nyuzi alikuwa ameshaona kwa kuangalia tu rafu zake zinavyopungua. Nilitaka kumjibu vibaya, kwa mazoea, lakini alikuwa ananiombea, utamjibu nini mtu kama huyo.

"Leo nataka rangi tatu," nikamwambia. "Kijani, ya chungwa na nyeusi."

"Tatu?" Akanitazama usoni, halafu mikononi, akaona inavyotetemeka. Akanifungia rangi tatu kwenye gazeti. Alipomaliza akanichagulia sindano yenye tundu kubwa akaiweka juu.

Nilianza vibaya. Nilichora ndege mmoja wa katikati, mkubwa, na tawi lake, nikaacha nafasi pembeni kwa sababu sikuwa na kichwa cha kuijaza. Siku nzima nilishona nusu ya bawa, na kesho yake nililifumua kwa sababu lilikuwa linayumba. Hapo wazo likanijia, na nalisema wazi kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyelipata. Niliwaza hivi: mwezi mmoja tu. Niache vidonge mwezi mmoja, mikono itulie, ule moto urudi kidogo, nishone milaya inayomfaa mdogo wangu, kisha nivirudie. Nani atajua? Njia ya kule juu nilikuwa naijua.

Basi asubuhi kila siku nilipopewa uji nilikitia kidonge mdomoni, nikakitoa, nikakiweka kwenye kopo la nyuzi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano shangazi alikuwa anatafuta uzi wa njano kufungia mfuko wa unga. Alifungua kopo langu.

Nilikuwa nimekaa uani na shuka magotini. Alikuja na kopo mkononi akasimama mbele yangu. Nilikaza uso, nikajiandaa kugombana, maana kugombana nakuweza. Aliviangalia vile vidonge, akanitazama, macho yake yakajaa maji, na mimi huyu mama sijamwona akilia tangu tulipomzika baba. Halafu akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwangu, akachukua upande wa pili wa shuka, akasema, "Nipe sindano."

"Ya nini? Wewe hujui kushona."

"Kama shida ni kushona, tutashona wote. Nipe."

Nikampa. Akavaa miwani yake ya kusomea Biblia, akatoboa shuka kwa nguvu zote kama anayeshona gunia la karanga, akaanza jani. Jani lenyewe lilikuwa halijachorwa. Alijichoma mara mbili. Mimi nilikaa namtazama, na hasira yote niliyoipanga ikakosa mahali pa kushika. Alishona kwa saa nzima bila kunitazama, na alipokata uzi lile jani lilikuwa kama ndala iliyokanyagwa na lori.

"Hilo ni jani?" nikamwuliza.

"Ni jani. Wewe ulitaka liwe nini?"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki ni lipi lilitangulia. Akasema maneno machache tu. Akasema, "Mimi milaya naweza kununua sokoni. Wewe sitakupata sokoni." Nikachukua kidonge cha siku ile nikameza mbele yake kwa maji ya mtungi. Kesho yake tukaenda kwa daktari, nikamweleza yote, hata kopo. Hakunigombeza. Alipima damu, akapunguza kipimo cha dawa kidogo, akasema habari ya mikono ningemwambia mapema. Nikamwambia hakuniuliza. Akasema kweli, hakuuliza.

Kutetemeka hakukuisha kabisa mpaka leo, lakini kulipungua kiasi cha kuelewana. Niligundua mikono inatulia zaidi kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, baada ya uji. Kwa hiyo ndizo zikawa saa zangu. Adhana ya mchana kutoka msikiti wa wafanyabiashara wa Kisomali ikisikika, ninachomeka sindano kwenye kitambaa, nainuka. Mwanzoni iliniuma kuacha bawa nusu. Siku zote nilijua njia mbili tu, kushona mpaka niishe au kutoshona kabisa. Kuacha kazi nikiwa bado naipenda, nikijua kwamba kesho itakuwepo na mimi nitakuwepo, hilo lilikuwa jipya kwangu, na niseme ukweli, lilinipendeza. Nilianza kungoja asubuhi.

Milaya ile ilichukua miezi mitatu na ushee. Ndege mmoja, tawi moja, majani, na pembeni pote peupe, na ukingo mwembamba wa kufuma. Lile jani la shangazi nilitaka kulifumua. Nilishika mkasi mara mbili. Nikaliacha.

Siku wakwe walipokuja shangazi alitaka itandikwe ya ndege kwenye kiti kikubwa na mpya pembeni. Niliifungua ile ya ndege kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari. Nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Lakini walikuwa ndege wazuri, watu wangu, walikuwa wazuri sana, na mdogo wangu alipita nyuma yangu akaanza kuwataja majina mmoja mmoja chini kwa chini. Niliitandika kwenye kiti mwenyewe.

Kwenye ule ujumbe wa wanawake kulikuwa na shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyewahi kufundisha wasichana ushonaji. Wenzake walisifu ndege, wakapiga vigelegele. Yeye hakusifu. Alifanya jambo ambalo katika miaka yote ya sifa hakuna mtu aliyewahi kulifanya, si jirani, si askofu, si daktari. Aliishika pembe ya milaya akaigeuza.

Mimi nilijua kilichoko upande ule. Ndiyo sababu nilikuwa naikunja vile. Nyuzi zimeruka kutoka ndege hadi ndege, hazikukatwa, mafundo juu ya mafundo, mahali pengine nimeshona juu ya uzi uliokwama badala ya kuufungua. Mama yule alipitisha kidole juu ya mafundo kwa muda, akairudisha. Akaenda kwenye ile mpya, akaigeuza nayo. Kule nyuma kulikuwa safi, unaweza kudhani ndiyo mbele. Akasogea mpaka pembeni, akafika kwenye jani, akasimama.

"Hizi zimeshonwa na wanawake watatu," akasema mbele ya watu wote. "Huyu wa ndege wengi ana kipaji kikubwa na alikuwa anakimbizwa. Huyu wa ndege mmoja alikuwa na wakati wake. Na huyu wa jani, Mungu amsaidie, hajui kushona."

Shangazi aliinamisha kichwa akawa anatengeneza kitambaa cha mezani kisichohitaji kutengenezwa. Mdogo wangu alinitazama. Lile swali nililomtupia daktari, alilokataa kulijibu, lilikuwa limenifuata mpaka sebuleni kwetu, na safari hii nilikuwa ninaulizwa mimi.

"Ni wanawake wawili, mama," nikasema. "Wa ndege wengi ni mimi. Wa ndege mmoja pia ni mimi." Sauti yangu haikutetemeka, mikono ndiyo ilitetemeka kidogo, nikaiacha itetemeke. "Wa jani muulize mwenye nyumba."

Akanitazama juu ya miwani yake, kisha akaitazama mikono yangu. Hakuuliza zaidi. Aliunyoosha vizuri upande wa mbele wa milaya ya ndege kwa kiganja, akakaa juu yake kwa uzito wake wote, akaomba chai.